Kazi ya Afya Vijijini: Mlinzi Asiyeshukuriwa

Daktari akimponya mgonjwa aliyekuwa mahututi, jamaa zake humletea kuku, na sifa zake huenea soko zima. Lakini mtu aliyewafundisha wanakijiji kukilinda kisima chao, hata homa ya matumbo isimpate mtu yeyote, haletewi hata yai. Hapana amshukuruye mwenziwe kwa ugonjwa ambao haukuja. Kwa sababu hiyo vijana wengi wenye akili hutamani koti jeupe la hospitali, na ni wachache wanaofikiria kazi ya kuzuia maradhi huko huko nyumbani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mambo ya afya, waziba ufa ni wachache kuliko wajenga ukuta.

Yafaa basi kazi hiyo itazamwe vizuri: ilitoka wapi, inafanywaje, inalipa nini, na ni kijana wa namna gani anayeifaa.

BWANA AFYA WA ZAMANI

Wazee wa Kenya wanamkumbuka Bwana Afya. Sheria ya Afya ya mwaka 1921 iliwapa wakaguzi uwezo wa kuingia katika mahali pa biashara, kutazama usafi, na kumpeleka mahakamani mtu aliyehatarisha afya ya wenziwe. Alipoonekana akija, mwenye hoteli alikimbia kufagia na kufunika chakula; mwenye bucha alitafuta maji ya kuoshea meza yake. Bwana Afya alipokwenda zake, nzi walirudi mahali pao. Watu walimwogopa, lakini kumwogopa mtu si kuelewa mafundisho yake. Choo kilichochimbwa kwa hofu ya faini hakikudumu. Kilipojaa au kubomoka, hapana aliyechimba kingine.

Jina hilo la Bwana Afya lingalipo katika vinywa vya watu hadi leo, ingawa wanawake wengi nao wanaifanya kazi hiyo. Ukaguzi nao ungalipo, na ni wa lazima, kwa maana bila sheria mwenye tamaa angeuza nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Hata hivyo miaka mingi imeonyesha kwamba mkaguzi peke yake hatoshi. Yeye huja mara moja kwa muda mrefu, na maradhi yanakaa kijijini kila siku.

JIRANI AMFUNDISHA JIRANI

Mmoja wa watu walioliona jambo hilo mapema ni Daktari Miriam Were, aliyezaliwa mwaka 1940 katika sehemu za Kakamega. Kwanza alikuwa mwalimu, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akamaliza mwaka 1973. Katika miaka hiyo ya 1970 aliongoza kazi ya afya katika vijiji vya Kakamega, na njia yake ilikuwa hii: wanakijiji wenyewe wakae, wataje maradhi yanayowasumbua, kisha wachague miongoni mwao watu wa kufundishwa, ili hao nao wawafundishe jirani zao. Mwaka 1978 mataifa ya dunia yalikutana mjini Alma-Ata, uliokuwa wakati huo katika Muungano wa Kisovyeti, yakakubaliana kwamba afya ianzie karibu na nyumba za watu, wala isingojee hospitali kubwa peke yake. Mwaka 2008 Daktari Were alipewa na Serikali ya Japani tuzo ya Hideyo Noguchi, kwa kazi yake ya kupeleka afya kwa watu wa vijijini.

Kenya iliweka mpango wake wa afya ya jamii mwaka 2006. Mwezi wa Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za wanaowatembelea. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma za Msingi za Afya ikatiwa sahihi, nayo ikawatambua watu hao ambao kwa miaka mingi walikuwa wakifanya kazi bila kutajwa katika sheria.

KAZI YENYEWE

Mhudumu mmoja hupewa kama nyumba 100. Wahudumu 10 pamoja hufanya kitengo kimoja, chenye watu wapatao 5,000, nao husimamiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo na kuajiriwa. Mhudumu huchaguliwa katika baraza, mbele ya watu wa mahali pake. Hupaswa kuwa mkaaji wa kijiji hicho na mwenye kujua kusoma na kuandika. Halafu hufundishwa.

Ndani ya mkoba wake mna kipima joto, mizani, chombo cha kupimia shinikizo la damu, na utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe huo ni kitu kidogo sana, lakini maana yake ni kubwa. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano ambaye mzunguko wa mkono wake haufiki sentimita 11.5 amepungukiwa mno na chakula, na yu hatarini. Hafai kungojea hata wiki moja. Mama yake huenda haoni neno, kwa kuwa anamwona mtoto kila siku na amezoea wembamba wake. Utepe hauzoei.

Mtu akikohoa kwa majuma mawili, mhudumu humwambia aende kupimwa kifua kikuu; akipatikana nacho, humkumbusha kumeza dawa bila kukosa, kwa kawaida miezi sita, hata kama amekwisha kupata nguvu. Mtoto akiharisha, humwonyesha mama jinsi ya kutengeneza maji ya dawa ya unga itolewayo zahanati, na kumpa mtoto vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mama mjamzito humhimiza aende kliniki mapema, asingoje mpaka tumbo liwe kubwa.

Yako pia mambo ya kukumbusha tu, nayo si madogo. Mwaka 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika sehemu za magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huo ni mkali. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 6, tena miezi 7, tena miezi 9. Kisha hungoja muda mrefu kabla ya kuchanjwa tena. Katika kungoja huko mama husahau. Huenda amepata mtoto mwingine, au amehamia shamba jingine. Mtu wa kumkumbusha si tangazo lililobandikwa ukutani; ni jirani ambaye ameandika jina la mtoto huyo katika kumbukumbu zake.

MARADHI YALIYOSHINDWA KWA MIGUU

Wako wasemao kwamba kutembea nyumba kwa nyumba ni kazi ya watu waliokosa kazi. Hao na watazame habari ya mnyoo wa Guinea. Mtu huupata kwa kunywa maji ya dimbwi yenye vidudu vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho. Baada ya muda wa kama mwaka mmoja, mnyoo mrefu, ambao huenda ukafika mita moja, hutokea polepole kwa maumivu makali, mara nyingi katika mguu. Ugonjwa huo hauna chanjo, wala hapana dawa ya kuuponya. Lakini Kenya ilimwona mgonjwa wa mwisho aliyeupata humu nchini mwaka 1994, na mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni likathibitisha kwamba nchi imeondokana nao.

Ulishindwaje bila dawa? Ulishindwa na watu waliofundisha wenzao kuchuja maji kwa kitambaa, wasimwache mgonjwa kutia mguu wake katika maji ya kunywa, na kupeleka habari upesi kila uliposhukiwa. Hata baada ya wagonjwa kwisha, kazi ya kuulizauliza iliendelea, maana ugonjwa ulikuwa bado katika nchi jirani.

Habari ya malale ni ya namna hiyo. Ugonjwa huo uletwao na mbung'o uliwatesa watu wa sehemu za ziwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini Kenya alionekana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika hilo hilo lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya watu wa Kenya. Ushindi huo ulitaka dawa na mitego ya mbung'o, lakini vilevile ulitaka watu wa kupima, kuandika na kurudi tena mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka.

NGAZI YA KUPANDIA

Kijana anayeipenda kazi hii asidhani kwamba mlango ni mmoja. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kilianzishwa mwaka 1927, na leo kina matawi katika sehemu nyingi za nchi. Humo hufundishwa wauguzi, matabibu, wapimaji wa maabara na maofisa wa afya ya umma. Kwa kawaida atakaye stashahada huhitaji alama ya C katika mtihani wa kumaliza sekondari, na atakaye cheti huhitaji C ya kutoa; tena kila somo lina masharti yake, hasa katika sayansi na lugha. Vyuo vikuu navyo hutoa shahada ya afya ya umma. Anayehitimu kuwa ofisa wa afya ya umma huandikishwa na baraza lililowekwa kwa sheria, kama vile wauguzi walivyo na baraza lao. Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na kwa hiyo anayetafuta ajira hupaswa kutazama matangazo ya kaunti pamoja na ya taifa.

Mhudumu wa kijiji yuko chini kabisa katika ngazi hiyo, na neno hili lisemwe wazi. Mwaka 2023 ilikubaliwa alipwe shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Hayo si mshahara wa kulea jamaa, ni posho. Tena malalamiko yamesikika mahali pengi kwamba posho huchelewa. Kabla ya hapo wengi walifanya kazi miaka mingi bila kupata chochote, wakiacha mashamba yao kwenda kuwatazama watoto wa wengine. Nchi inayowategemea watu hao yapasa iwalipe kwa wakati, kwa sababu shukrani peke yake haijazi chungu. Mhudumu akikata tamaa akaacha, nyumba 100 hubaki bila mwangalizi, na hapana kengele itakayolia kuwaambia watu kwamba mlinzi ameondoka.

MTU ANAYEFAA

Kazi hii haifai kila mtu. Haimfai mwenye kiburi, kwa maana hataingia jikoni mwa maskini. Haimfai mwenye kupenda kuamrisha, kwa maana watu watamkubalia kwa mdomo na kumpinga moyoni. Zaidi ya yote haimfai asiyeweza kufunga kinywa chake. Mhudumu hujua ni nani anayemeza dawa za ukimwi, ni binti gani aliye mjamzito, na ni nyumba ya nani isiyokuwa na chakula. Siri moja ikitoka kisimani siku ya Jumatatu, kufika Jumatano milango yote imefungwa, wala mkoba mpya hautaifungua.

Anayefaa ni mtu wa subira, anayeweza kurudi mara ya tatu na ya nne kwa mzee asiyetaka kuchimba choo, akamweleza tena bila hasira kwa nini choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kwa nini maji ya kunawa yawekwe karibu na mlango wake. Mzee akichimba kwa sababu ameelewa, atachimba tena choo hicho kikijaa, na wajukuu wake watachimba baada yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kufundisha na kutisha.

Wazazi nao wana neno la kujibu. Mtoto akisema nyumbani kwamba anataka kuwa daktari, baba hufurahi na kutafuta karo. Akisema anataka kusomea afya ya umma, huulizwa kama amekosa alama. Ni vyema swali hilo liachwe. Kipindupindu kilipoingia Kenya mwaka 1971, na kila kiliporudi baadaye, waliohitajika kwanza walikuwa madaktari wa kutibu. Lakini kilichoweza kukizuia kisiingie katika nyumba ya jirani kilikuwa maji safi, vyoo, na watu wa kuwaeleza wenzao haraka la kufanya.

Baraza likiitwa kumchagua mhudumu, watu wasimtoe mtu kwa ajili ya undugu au kwa kuwa hana shughuli nyingine. Wamtoe yule ambaye wangemwachia watoto wao usiku. Akisha kuchaguliwa, wamfungulie mlango, wamjibu kweli, na kaunti ikichelewesha haki yake wasimwache aidai peke yake. Hawataweza kamwe kuhesabu maziko aliyoyazuia, lakini watoto watakaokuwa wakienda shuleni asubuhi wataonekana na kila mtu.