Umebadilishiwa goti? Kupunguza uzani ni sehemu ya matibabu

Mkazi anayerudi nyumbani Mbooni, Kibwezi au ng'ambo ya Mto Athi kule Kitui akiwa amebadilishiwa goti huwa ametoka mbali. Amevumilia maumivu kwa miaka, familia imechanga, na pengine amesafiri hadi Kikuyu au Kijabe kupasuliwa. Maumivu yanapopungua, wengi hudhani matibabu yamekwisha. Lakini kwa mgonjwa mwenye uzani uliozidi, ipo kazi moja ambayo daktari wa upasuaji hawezi kumfanyia, nayo ni kupunguza kilo.

Mzigo ambao goti hubeba

Unapotembea mahali tambarare, kila hatua hulibebesha goti mzigo wa takriban mara tatu ya uzani wa mwili wako. Ukipanda ngazi au milima ya Kilungu, mzigo huongezeka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 nchini Marekani, kuhusu wazee wanene wenye magoti yaliyolika, ulionyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Kwa hesabu hiyo, anayepunguza kilo 5 analipunguzia goti kilo 20. Huo ni uzito wa mtungi wa maji wa lita 20, na kila mtu hapa kwetu anaujua mzigo huo.

Goti la bandia hutengenezwa kwa chuma na plastiki ngumu. Rekodi za Australia na Finland zinaonyesha kuwa takriban magoti 82 kwa kila 100 hudumu miaka 25. Hata hivyo, unene wa kupindukia huongeza hatari ya kidonda kupata maambukizi na goti kulegea. Upasuaji wa kurudia ni mgumu na wa gharama kuliko wa kwanza. Tena kuna lile goti la pili, ambalo mara nyingi nalo limeanza kulika.

Kwa nini kilo haziondoki zenyewe

Wengi hutarajia kwamba wakianza kutembea watapungua. Tafiti zinaonyesha kuwa wagonjwa wengi hubaki na uzani ule ule, na baadhi huongezeka. Goti limebadilika lakini mazoea ya kukaa na ya kula hayajabadilika.

Desturi zetu nazo huchangia. Mgonjwa huambiwa asiinuke, kila kitu aletewe kitini. Wanaokuja kumjulia hali hubeba mkate na soda. Nia ni njema, lakini chupa ya soda ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya sukari.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 45 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 nchini Kenya wana uzani uliozidi.

Uanze lini?

Wiki za kwanza si wakati wa kujinyima chakula. Kidonda kinahitaji protini ili kipone: ndengu, mbaazi, kunde, mayai, maziwa au kuku. Fanya mazoezi ya kukunja na kunyoosha goti jinsi ulivyoelekezwa, na utembee mwendo mfupi mara kadhaa kwa siku ukitumia mikongojo.

Kidonda kikishapona, mwombe mtaalamu wa lishe akupangie lengo. Kwa mtu wa kilo 90, kupunguza asilimia 5 ni kilo 4 na nusu tu. Nusu kilo kwa wiki inatosha.

Sahani na kikombe

Huhitaji chakula cha kununuliwa mbali. Nusu ya sahani iwe mboga kama majani ya kunde, sukuma wiki au mchicha. Robo iwe ndengu, maharagwe au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo iliyobaki iwe ugali au muthokoi. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kumimina. Msimu wa maembe, kula tunda lenyewe badala ya kunywa juisi yake.

Kisha hesabu sukari ya chai. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni vijiko 12, na hicho ndicho kiwango cha juu cha siku nzima kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Vijiko 6 ni bora zaidi.

Msaada unapatikana wapi?

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mikoba waliyoanza kupewa wahudumu hao Septemba 2023 ina mizani pamoja na vifaa vya kupima presha na sukari. Pimwa na uandike uzani wako daftarini. Zahanati iliyo karibu inaweza kukuelekeza kwa wataalamu wa lishe na wa tiba ya viungo katika hospitali ya rufaa ya Wote au ya Kitui. Ikiwa hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), piga *147#.

Zingatia haya:

• Ikiwa unatumia dawa za kisukari au presha, usiziache. Mweleze daktari kwamba unapunguza uzani, kwani huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa.

• Usinunue dawa za kupunguza unene zinazouzwa mitaani.

• Nenda hospitalini mara moja ukipata homa, usaha kwenye kidonda, uvimbe na maumivu nyuma ya mguu chini ya goti, au ukishindwa kupumua vizuri.

Kwa familia: mpikieni mgonjwa chakula mnachokula nyote, na mtembee naye hadi kwa jirani na kurudi. Naye mgonjwa, siku ya kliniki inayofuata, asisubiri kuulizwa. Amuulize daktari: "Nipunguze kilo ngapi, na nani atanisaidia?"