Msimu wa mwaka jana katika hadithi ya Oates

Misimu ya lugha huja na kupita. Ndiyo maana ikaitwa misimu. Mmarekani Joyce Carol Oates aliligeuza jambo hilo kuwa kitisho katika hadithi fupi ‘Where Are You Going, Where Have You Been?’ (1966), enzi vijana wa kwao walipokuwa wakikaidi desturi za wazazi. Arnold Friend anamjia Connie, msichana wa miaka 15, akijifanya rika lake. Mavazi sawa, muziki sawa. Lakini gari lake lina usemi ambao vijana waliutumia mwaka uliotangulia. Connie anautazama kwa muda. Baadaye anamkagua usoni: kumbe jamaa ana miaka 30, au zaidi! Hatoi kisu wala bunduki. Kati yao upo mlango wa wavu tu, naye hauvunji. Anazungumza, anazungumza, hadi Connie anausukuma mwenyewe.