Jinsi hatari ya udongo wenye sumu inavyopimwa mitaani

WATAALAMU wanapochota udongo mtaani na kutangaza kwamba una madini ya risasi, swali la kwanza la wakaazi huwa moja: je, tuhame? Tarakimu peke yake haiwezi kulijibu. Ardhi yaweza kusheheni sumu na isimdhuru mtu, na yaweza kuwa na sumu ya wastani tu lakini ikawaathiri watoto wa nyumba ya jirani maisha yao yote.

Kinachotafutwa katika tathmini hii ni mambo matatu yaliyoungana: chanzo cha sumu, njia inayopitia na mtu inayemfikia. Udongo uliofunikwa kwa saruji si sawa na udongo uo huo ukiwa ndio uwanja ambako watoto huchezea na kuku hudonoa.

Dandora, jijini Nairobi, ni mfano ulio wazi. Jaa hilo lilianza kutumiwa mnamo 1975 katika timbo la zamani la mawe. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na zaidi ya miligramu 400 za risasi katika kila kilo, ilhali udongo safi ulikadiriwa kuwa na 50. Lakini watafiti hawakuishia kwenye udongo. Waliwapima watoto 328, na nusu yao wakapatikana na risasi iliyopita kiwango kilichokubalika wakati huo, yaani maikrogramu 10 katika kila desilita ya damu.

Damu ndiyo iliyothibitisha kwamba njia kutoka ardhini hadi mwilini ilikuwa wazi. Hali kadhalika katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Watoto wa Owino Uhuru walipolinganishwa na wenzao wa kitongoji cha Bangladesh, kilicho mbali na kiwanda, wastani ulikuwa 7.4 dhidi ya 3.7. Ulinganisho wa namna hii una uzito kuliko sampuli mia zisizo na cha kulinganishwa nacho.

Mtoto ndiye kipimo kwa sababu hutia mikono kinywani, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwili wake hufyonza risasi inayomezwa mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Risasi hudumaza ubongo pasipo dalili ya haraka. Ndiyo maana viwango vimekuwa vikishushwa. Nchini Marekani, kiwango cha damu kinachowashtua madaktari kilishushwa hadi 5 mwaka wa 2012, kisha 3.5 mwaka wa 2021. Kile cha udongo wa makaazi kilitoka 400 hadi 200 mwaka wa 2024. Ripoti ya Dandora ikisomwa leo inatisha zaidi kuliko ilivyotisha ilipotolewa, ijapokuwa hakuna hata nukta moja iliyobadilika ndani yake.

Msomaji basi ajihadhari na habari zinazosema tu kwamba "viwango viko juu". Juu ya nini? Sampuli ilichotwa kina gani? Vumbi la juu, sentimita chache tu, ndilo linaloingia nyumbani na kinywani. Udongo wa kina cha mita moja husema zaidi juu ya maji ya kisima. Tena, wastani wa mtaa mzima waweza kuficha kipembe kimoja chenye sumu kali, na huenda kipembe hicho ndicho kilicho mbele ya mlango wa chekechea.

Gesi ya ardhini ina hila zake. Taka zinazooza huzalisha methani, ambayo haina harufu na hulipuka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Katika kijiji cha Loscoe, Uingereza, jaa lililokuwa timbo la udongo wa matofali lilikuwa limekwisha kufungwa. Alfajiri ya Machi 24, 1986, nyumba iliyokuwa karibu nalo ililipuka na kuwajeruhi watu watatu waliokuwa ndani. Uchunguzi ulibaini kwamba kanieneo ya hewa ilikuwa imeshuka ghafla kwa saa chache. Gesi iliyokuwa imezuiliwa chini ikapata nafasi ya kupenya nyufa za mwamba hadi chini ya sakafu.

Kwa hiyo kipimo kimoja cha gesi, kilichochukuliwa siku tulivu, si ushahidi wa usalama. Hutobolewa mashimo, yakatiwa mabomba yenye matundu, na vipimo vikarudiwa kwa miezi kadhaa, hasa hewa inapobadilika. Jambo jingine ambalo wapangaji wa miji husahau ni kwamba kulifunika jaa kwa udongo mzito bila kuweka mabomba ya kutolea gesi huisukuma kando, ziliko nyumba. Jaa lililo wazi hunuka na kuudhi, lakini gesi yake hupanda juu.

Huko Owino Uhuru, Mahakama ya Juu ilirejesha Desemba 2024 fidia ya Sh1.3 bilioni iliyokuwa imeamuliwa 2020 na kisha kubatilishwa na Mahakama ya Rufaa 2023. Fidia hailitoi vumbi sakafuni. Mpaka udongo wenyewe uondolewe au ufunikwe, familia inayoishi penye risasi hupunguza madhara kwa kupiga deki badala ya kufagia pakavu, kunawisha watoto mikono kabla ya kula, kuvua viatu mlangoni na kupanda mboga katika magunia yenye udongo kutoka kwingine. Matokeo ya vipimo vilivyo mikononi mwa serikali yanaweza kudaiwa na raia yeyote chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba, pamoja na ramani ya mahali hasa kila sampuli ilikochotwa.