Bei ya Tangazo la Kisheria: Mfano wa Ufaransa
Tangazo la kisheria ni taarifa ambayo sheria huilazimisha kampuni au mtu kuichapisha gazetini, kama vile kuanzishwa au kuvunjwa kwa kampuni, ili wadai na umma kwa jumla wapate habari mapema na kulinda haki zao. Kwa kuwa mlipaji hana hiari ya kutotangaza, ushindani wa soko haumkingi vya kutosha, na gazeti lililo peke yake katika eneo lingeweza kumtoza lipendavyo.

Nchini Ufaransa, sheria ya tarehe 4 Januari 1955 iliweka shughuli hii chini ya mamlaka ya serikali: prefekti, yaani mwakilishi wa serikali kuu katika departementi (eneo la kiutawala), huorodhesha magazeti yanayostahili, na bei hupangwa rasmi. Kwa miaka mingi malipo yalihesabiwa kwa mstari, na ndiyo maana kanuni zilieleza hata ukubwa wa vichwa na nafasi zilizoachwa, kwani mchapaji aliyetanua maandishi angejiongezea mapato. Tangu 2021 tangazo la kuanzishwa kwa kampuni hulipiwa kiasi kimoja kulingana na aina ya kampuni, hatua ya haki kabisa kwa mfanyabiashara mdogo.

Hata hivyo, mapato ya matangazo haya huyategemeza magazeti ya mikoani, ambayo tangu sheria ya 2019 hugawana soko hilo na vyombo vya habari vya intaneti. Kwa hiyo bei ikishushwa kwa pupa, wakazi wa mikoa hiyo wanaweza kupoteza gazeti lenyewe linalowapasha habari.