Mguu wa Mende

Mwanafunzi anayeingia maabara ya uhandisi wa neva kwa mara ya kwanza huja akiwaza ubongo. Mara nyingi huanzishwa kwa mguu wa mende.

Mende hutiwa kwenye maji ya barafu mpaka atulie, kisha mguu wake mmoja hukatwa na kuchomwa pini mbili. Pini huunganishwa na amplifaya, na amplifaya na spika. Ukigusa vimiiba vya mguu ule kwa kijiti cha meno, spika hulia kama bisi zinazoanza kupasuka sufuriani. Kila mpasuko ni ujumbe mmoja unaopita kwenye neva.

Ujumbe huo husafiri bila waya wa shaba. Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake huwa hasi kuliko nje kwa takriban milivolti 70. Ikisisimuliwa, vilango vya utando wake hufunguka, ioni za sodiamu humiminika ndani na chaji hugeuka. Papo hapo ioni za potasiamu hutoka, na hali hurejea ilivyokuwa. Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Aliyetufumbulia haya ni ngisi, mwenye neva nene ya karibu nusu milimita. Mwaka 1939, huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza elektrodi ndani ya neva hiyo. Huxley alikuwa kijana wa miaka 21 kutoka Cambridge. Vita vikawakatiza, hesabu kamili waliitoa mwaka 1952, na Tuzo ya Nobel ikaja 1963.

Pini za mwanafunzi wetu, ambazo ndizo elektrodi zake, hata hivyo, hukaa nje ya seli, na huko ishara hufifia mpaka maikrovolti makumi au mamia machache. Volti moja ni maikrovolti milioni moja! Wakati huohuo nyaya za ukutani zinabeba umeme unaopiga mara 50 kwa sekunde, mara 60 kule Marekani, na mvumo wake humeza kila kitu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mwanafunzi hukagua waya wa ethi, huhamisha taa, huchomoa chaja ya simu, hurudia kulehemu kiungo kilicholegea, kisha hufunika meza kwa kizimba cha wavu wa chuma, wazo la Michael Faraday la mwaka 1836. Siku nzima inaweza kuisha hivyo, na kwangu mimi siku hiyo haikupotea. Anayejua mvumo umetoka wapi ndiye wa kuaminiwa anaposema ameisikia neva.

Zana kadhaa za fani hii zilizaliwa kwenye meza za wanafunzi. Kenneth Wise alitengeneza elektrodi za silikoni akisomea uzamivu Stanford, mwishoni mwa miaka ya 1960. Miaka arobaini baadaye, Greg Gage na Tim Marzullo, nao wanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Michigan, walitaka mtoto wa shule aisikie neva bila mitambo ya maelfu ya dola. Wakaunda SpikerBox, kisanduku chenye amplifaya na spika kinachotumia betri ya volti 9. Na kwa kuwa betri haigusi umeme wa ukutani, mvumo hupungua. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2012, wazi kwa yeyote, na vipuri vyake ni vya aina anayoijua fundi redio wa mtaani. Mwalimu wa bayolojia, kaa na mwenzako wa fizikia mkiunde, wanafunzi wenu wausikilize mguu wa mende.