Pumzi Yetu na Milima Mirefu

Mtu wa pwani akipanda mlima mrefu huona ajabu. Miguu yake ni ile ile, naye amekula akashiba, lakini hatua chache tu zamfanya aheme kama aliyekimbia. Je, hewa ya huko ni ya namna nyingine?

Sivyo. Popote, katika kila sehemu 100 za hewa, kama 21 ni oksijeni, nayo ndiyo ituwezeshayo kuishi. Tofauti ni mkandamizo. Tufikiri magunia ya pamba yaliyopangwa moja juu ya jingine: la chini limebanwa sana, la juu limelegea. Ndivyo ilivyo hewa. Kilele cha Kilimanjaro kina kimo cha futi 19,341, na huko mkandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni, damu hutoka mapafuni bila shehena yake kamili, na misuli hupungukiwa.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1968 katika michezo ya Olimpiki mjini Mexico, palipo juu ya bahari kiasi cha meta 2,240. Ron Clarke wa Australia alikuwa amekimbia meta 10,000 mwaka 1965 kwa dakika 27 na sekunde 39, upesi kuliko mtu ye yote duniani. Huko Mexico alimaliza wa sita, akaanguka, akazimia. Mshindi alikuwa Naftali Temu wa Kenya, mzaliwa wa nyanda za juu. Naye pia alitumia dakika 29 na sekunde 27. Basi mwenyeji wa milima naye hutozwa ushuru huo, ila kidogo kuliko mgeni.

Mwili hujitahidi kujisaidia. Kwanza mtu huhema upesi na moyo hupiga mbio. Kisha mafigo huuarifu uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, ambazo ndizo wapagazi wa oksijeni. Kazi hiyo yataka majuma kadhaa.

Kwa hiyo twawaonya vijana: nguvu za ujana si kinga. Kichwa kikiuma na moyo ukichafuka, msizidi kupanda. Mwenzenu akipepesuka kama mlevi, au akikosa pumzi hali ameketi, mteremsheni mara moja, hata ikiwa ni usiku. Wapagazi wa Kilimanjaro huwaambia wageni, "Pole pole." Neno hilo si la uvivu, ni la kuokoa maisha.