Zege la Kinu cha Nyuklia

Umeme wa maporomoko ya Rusumo husafirishwa hadi Gitega kwa nyaya za kilovolti 220 zinazopitia Muyinga. Mtambo huo wa megawati 80 ni mali ya Burundi, Rwanda na Tanzania kwa pamoja, na fungu la Burundi ni kama megawati 27. Kwa kulinganisha, huko El Dabaa, Misri, kila kimoja kati ya vinu vinne vya nyuklia vinavyojengwa kimekusudiwa kutoa megawati 1,200.

Mwaka 2023 Burundi ilitia saini na Urusi makubaliano ya kutumia nyuklia kwa amani. Zikitajwa habari hizi, wengi hufikiria urani. Zege nalo linastahili kutazamwa.

Ukuta wa jengo la kinu huzidi mita moja kwa unene. Huzuia mionzi isitoke, hufungia mvuke ndani bomba likipasuka, na lazima ustahimili tetemeko la ardhi. Nondo zake husongamana kiasi kwamba zege la kawaida hukwama juu yake, na pengo likibaki humo halionekani kwa nje. Kwa hiyo zege hulainishwa kwa kemikali maalumu, si kwa kuongeza maji.

Joto nalo ni tatizo. Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Katika nguzo ya nyumba joto hilo hutoweka upesi, lakini katika msingi wenye kina cha mita kadhaa hubaki katikati huku uso ukipoa, na zege hupasuka. Mafundi hupunguza saruji na kuweka majivu ya makaa ya mawe, huchanganyia barafu, na huacha vipimajoto ndani.

Maji ndiyo kishawishi kikubwa. Fundi akiongeza ndoo moja, zege hulegea na koleo huwa jepesi. Yale maji yakikauka huacha vitundu vidogo. Olkiluoto, Finland, mwaka 2005, zege la msingi wa kinu lilikutwa na maji kupita kiasi, mamlaka ya usalama ikaanzisha uchunguzi.

Kurekebisha baadaye ni kazi ngumu mno. Crystal River, Florida, ukuta wa jengo la kinu ulikatwa mwaka 2009 ili kubadilisha mitambo ya mvuke, ukaonekana umeachana kwa ndani. Matengenezo yalizidisha nyufa, na mwaka 2013 kinu kikafungwa moja kwa moja.

Burundi inaweza kuanza kujizoeza uangalifu huu sasa, kwenye madaraja na shule zake: kila zege linalomwagwa lichukuliwe sampuli, zivunjwe maabara baada ya siku 28, na majibu yahifadhiwe.